Nondo wa mchele wanatoka wengi ila mayai kiduchu: angalia nafaka kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini nondo wako wa mchele (Corcyra cephalonica) bado wanatoka kwa wingi, lakini mayai ya kuzalishia vinyigu vya Trichogramma (vile vinavyotaga ndani ya mayai ya wadudu waharibifu na kuyaua) yamepungua tangu uhamie kwenye sembe. Tatizo ni hiyo sembe. Nondo huyu akishaota mabawa hali tena. Mayai yote anayotaga jike yanatokana na alichokula akiwa kiwavi. Na sembe imekobolewa, kiini chenye mafuta kimebaki mashineni pamoja na pumba. Hata dona siipendi kwa kazi hii: unga laini unashikamana, viwavi wa chini wanakosa hewa.

Rudi kwenye mtama mweupe au uwele. Mtama mwekundu wa pombe uache, ule ukakasi wake unafunga protini na viwavi wanachelewa kukua. Usisage, paraza tu, kila punje ivunjike vipande vitatu au vinne. Beseni moja linachukua kilo 2.5. Pasha kwenye oveni nyuzi 100 kwa dakika 30 kuua fukusi na utitiri, kisha tandaza upoe kabisa. Ukifunika ungali na moto, ule mvuke ndio unaoleta ukungu. Ukishapoa, changanya gramu 100 za karanga zilizotwangwa, gramu 5 za hamira na gramu 5 za salfa ya kuzuia utitiri.

Mayai weka nusu mililita, kama 8,000 hivi. Watu wanazidisha wakidhani watavuna zaidi. Viwavi wanabanana, beseni linapata joto, majike wanatoka wadogo kama punje za ulezi (natia chumvi, lakini utaona).

Kwa Mwanza ninachokiogopa kuliko vyote ni dawa ya ghala. Mtama wa sokoni mara nyingi umeshachanganywa na vumbi la kuua wadudu, na usitegemee oveni kuliondoa. Kabla ya kununua gunia, chukua kibaba kimoja, tia viwavi 20 kwenye chupa yenye kitambaa mdomoni, subiri siku tano. Wakifa, hama muuzaji. Wakati wa masika uma punje kwa jino: ikibonyea badala ya kupasuka, ina maji, iache.

Siku ya 20 hivi, ingiza kidole pembeni mwa beseni uinue. Chenga zikija donge zima zikining'inia kwenye nyuzi, lishe iko sawa. Ukikuta viwavi wamelegea, na pembeni yao vifuko vidogo vyeupe, huyo ni nyigu Bracon, adui wa viwavi, ameingia. Hapo usilaumu nafaka. Toa beseni nje ya chumba siku hiyohiyo.

Usiache sembe moja kwa moja. Weka beseni lake moja kando, chumba kilekile, mayai ya siku moja. Nondo wakianza kutoka, kwenye siku ya 40, pima majike 20 wa kila beseni kwenye mizani, halafu leta namba hapa.