Maji ya mfongo si mali ya shamba linalopitiwa

Ndugu, umeuliza kama mwenye shamba la juu anaweza kufunga mfongo, ule mfereji wa asili wa kumwagilia, eti kwa sababu umepita kwake. Hapana, hana haki hiyo. Maji ni ya umma. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka mahitaji ya binadamu mbele, kisha mazingira, ndipo umwagiliaji na matumizi mengine. Na kuchepusha maji ya mto kwa kilimo kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kwa Kilimanjaro upande wa Moshi ni Bonde la Pangani. Watumiaji wanaweza kujiunga kuwa jumuiya, wakaomba kibali kwa pamoja.

Ndani ya kijiji, anayegawa zamu ni kamati ya mfongo. Mimi nimekulia kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachagga: usiku maji yanaachwa yajaze nduwa, lile bwawa la udongo, alfajiri tope na mgomba vilivyoziba mdomo wake vinaondolewa, na mwenye zamu anaanza kumwagilia. Asiyekuja msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kusafisha mfongo hupigwa faini au hukosa zamu. Utaratibu huu wa wazee unafanya kazi vizuri, tafadhali msiudharau.

Ila angalieni kibali chenu kinaruhusu kiasi gani na kama bado ni hai. Kama hamna kabisa, mkifika kwenye bodi kulalamika mtaanza kuulizwa nyinyi. Anzeni na kamati, kisha ofisi ya kijiji, halafu ndiyo bodi.