Kamera ya familia: mnauliza bodi, mimi nawajibu lenzi

Maswali yamekuwa mengi tangu shule zifunge, na nusu yake ni lile lile moja. Nimechagua machache, mengine mnisamehe.

Niko Kisumu, nina watoto wawili na bajeti ya elfu arobaini. Nichukue Canon 2000D ama Nikon D3500?

Ndugu yangu, zote zilitoka 2018, zote ni megapikseli 24 (nukta milioni 24 kwa kila picha), na ukiweka picha zake kwa meza mama watoto hatakuambia hii ni ya gani na ile ni ya gani. Shika zote mbili, ile inakaa vizuri mkononi ndio yako. Nikon inashinda kwa betri, picha kama 1,500 kwa chaji moja na Canon iko kwa 500 hivi, lakini Nikon walishaacha kutengeneza hiyo D3500 so jipange kununua mtumba. Sasa kile sitaki kusikia ni ati umemaliza elfu arobaini yote kwa bodi (kamera yenyewe bila lenzi) inang'aa na ile lenzi ya 18-55 ya kwenye boksi (hizo ni milimita, zikipanda picha inavutwa karibu), halafu mwezi wa pili unaniandikia picha za sebuleni ni giza. Ingekuwa mimi ningetafuta bodi ya zamani kidogo, hata ya miaka kumi iliyopita, hiyo pesa inabaki iende kwa lenzi ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia). Bodi inazeeka, lenzi utabaki nayo. Na ukienda Nikon chunga hapa: hizi bodi zao ndogo za D3000 na kitu, hata hiyo D3500, hazina mota ya kufokasi ndani, kwa hivyo ukiuziwa 50mm f/1.8D kwa sababu ni bei poa utafokasi na mkono mpaka mtoto aingie form one. Sema unataka iliyoandikwa AF-S, hiyo mota iko ndani ya lenzi yenyewe. Canon 4000D nayo achana nayo kabisa, ni megapikseli 18 na hata pale lenzi inaingilia ni plastiki.

Kamera gani iko na megapikseli nyingi?

Tena? Picha ya ukubwa wa A4 ikichapishwa safi inataka megapikseli kama 9. Swali lingine.

Mimi ni mama, niko Kakamega. Nilinunua DSLR (hizi kamera kubwa za kubadilisha lenzi) lakini picha za mtoto ndani ya nyumba zinatoka zimevurugika, simu yangu inapiga poa kuliko hii. Nimeibiwa?

Hujaibiwa dada, hakuna mtu alikuambia tu. Simu inapiga picha kadhaa kwa mpigo inaziunganisha yenyewe bila kukuuliza, kamera inakungoja wewe uamue. Ukivuta ile lenzi ya boksi mpaka 55 inafungua f/5.6 pekee, mwanga kidogo sana unaingia, so kamera inachelewesha shata (kile kipazia cha ndani kinafunguka ukipiga) ndio ipate mwanga, na mtoto wa miaka mitatu hawezi tulia nusu sekunde hata umpe mandazi. Toa kile kigurudumu cha juu kwa ile Auto ya kijani, weka Tv (wenye Nikon ni S), hapo wewe ndio unachagua kasi ya shata, iwe 1/250 ya sekunde, ISO (vile kamera inakuza mwanga) iache ipande mpaka 3200 na usiogope zile chengachenga, afadhali picha ya chengachenga kuliko picha ya mzimu. Mlete mtoto karibu na mlango, ufungue pazia. Ile fleshi ndogo inaruka juu izime, inapiga uso moja kwa moja mtu anatoka kama amekamatwa usiku.

Ukipata pesa ya lenzi, pima nyumba kwanza. 50mm kwa hizi bodi inavuta kama 80mm ya kamera ya filamu, na kwa bedsitter utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta na bado unaona kichwa tu. Ndani ya nyumba ndogo 35mm f/1.8 ya Nikon ama 24mm f/2.8 ya Canon itakufaa zaidi.

Tulipiga picha ufuo wa Dunga, Kisumu, na ziwa nyuma, nyuso zote nyeusi ti. Kamera mbovu?

Kamera haijui hapo kuna watu. Imeona maji yanang'aa na anga nyeupe, ikadhani mwanga umezidi, ikapunguza. Nguo nyeupe za kanisa zinaleta shida hiyo hiyo, na sisi ngozi zetu ndizo zinaumia. Tafuta kile kibonyezo cha +/- cha kuongeza mwanga wa picha, uongeze moja, wakati mwingine moja na nusu, anga ipotee ikitaka, si anga ulienda kupiga. Na saa saba mchana mnatafuta nini huko? Nendeni saa kumi na moja.

Ya mtumba nitajuaje haijachoka?

Nikon inaandika hesabu ya shata (imeshapiga picha ngapi) ndani ya picha yenyewe, piga moja uisome kwa kompyuta, Canon nyingi zinaficha. Kwa hizi bodi ndogo, ikikaribia laki moja bei ishuke. Lakini wengi mnaangalia shata mnasahau kumulika lenzi na tochi. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani, hiyo ni kuvu, mrudishie mwenyewe hata kama ni ya bure. Mimi niliwahi kuweka lenzi kwa mkoba wa ngozi ndani ya kabati, hapa Kisumu na hii joto na unyevu wa ziwa, mvua ndefu ikaisha nikakuta shamba limeota. Siku hizi zinakaa kwa mkebe wa plastiki unaofunga kabisa, na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinakuja na viatu.

Memori kadi ya GB ngapi?

Mbili za 32, sio moja ya 128. Na uchukue duka unaweza kurudi, feki ni nyingi, inakubali picha zote halafu zile za mwisho hazifunguki. Na mkitumia shosho picha kwa WhatsApp tumeni kama dokumenti, mnanunua megapikseli 24 halafu mnazikamua zibaki mbili.

Nikishajua kutumia, naweza piga harusi ya jirani anilipe?

Si umesema ni ya familia? Hizi kamera zina nafasi ya kadi moja tu. Ikikataa saa ya pete, utamwambia bibi harusi arudie?