Kaktusi ya Krismasi kutochanua Mtwara

Dada, unasema kaktusi yako ya Krismasi hapo Mtwara mjini imestawi miaka 3 bila hata ua moja. Usiongeze mbolea, tatizo ni joto la usiku. Asili yake ni milima ya kusini mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya miti. Hufanya vitumba usiku ukiwa mrefu na wa baridi, nyuzi 13 hadi 18 hivi. Usiku ukizidi nyuzi 24, hata giza refu halisaidii. Basi sahau Desemba, pwani yetu ni tanuri wakati huo. Lenga kipupwe. (Ndugu wa Newala, kule juu, wana nafuu.)

Mwanzoni mwa Juni anza kuufunika mmea kwa boksi zito saa 11 jioni, funua saa 1 asubuhi, wiki 6 bila kuruka siku. Taa ya barazani ikiupiga usiku, umeharibu. Mchana ukae kwenye kivuli chenye mwanga. Mapande yake bapa yanayofanana na majani yakiwa mekundu, jua limezidi. Mwagilia sentimita 2 za juu za udongo zikikauka tu.

Vitumba vikitokeza, acha kufunika na usiuhamishe wala kuuacha ukauke kabisa, vitapukutika.

Udongo je? Ukishika maji, mizizi huoza. Changanya makumbi ya nazi mafungu 2, mboji 1, vipande vya mkaa 1. Makumbi yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa kuondoa chumvi, na mchanga wa ufukweni usiuguse.