Jibu: Kipimo cha mate kinaweza kusema nitaishi miaka mingapi?

Mkuu, umeuliza kama kile kipimo cha mate alichokuletea shemeji kutoka Uingereza kitakwambia utaishi miaka mingapi, maana mzee wako aliondoka na miaka 52. Hakiwezi. Kinasoma jeni, yaani vinasaba ulivyorithi kwa wazazi, na kinachotoka pale ni uwezekano, si tarehe.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walijumlisha athari ndogondogo za jeni nyingi, kila mtu akapata alama yake. Asilimia 10 wa juu walikadiriwa kuishi kama miaka 5 zaidi ya asilimia 10 wa chini. Ni wastani wa kundi; wewe binafsi unaweza kuangukia popote. Halafu data ile ni ya watu wenye asili ya Ulaya. Kumpimia Msukuma wa Igoma, Mwanza, ni kama kupima sangara kwa kisado cha dagaa.

Jeni moja yenye uzito kwetu Kanda ya Ziwa ni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na hiyo haihitaji mate kupelekwa ng'ambo. Binti wa dada yangu aligundulika akiwa na miezi 8, vidole vimevimba kama ndizi mbivu. Akapewa penisilini, chanjo, baadaye haidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu. Sasa yuko darasa la 6 na anatusumbua kwa maswali.

Mzee alifariki kwa nini hasa? Kama ni presha, hicho kiboksi kiweke pembeni, kesho asubuhi kapime presha kabla hujanywa chai.