Saa ya kuzamia, kila siku mkononi

SWALI: Nimenunua saa ya kuzamia ya bei kubwa, ya mita 300. Nikiivaa kila siku haitaharibika?

JIBU: Ivae. Kioo cha yakuti samawi hakikwaruzwi na funguo wala sarafu, ingawa pigo la ukingoni laweza kukimega. Chuma kitachubuka, hasa kwenye kifungio kinachosugua meza. Hiyo ni sura tu. Cha kuogopa ni maji kupenya kwenye kifundo cha pembeni cha kurekebishia majira. Kisukume ndani, ukizungushe hadi kigome, bila kukilazimisha. Sauna hapana: joto huchosha mipira ya kuzuia maji. Ukitoka baharini, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Fundi aipime shinikizo kila mwaka. Ukiona ukungu ndani ya kioo, mpelekee siku hiyohiyo.