Zimwi la kale na zimwi la leo katika kurasa 32

SWALI: Salaam, mhariri. Tuko watano hapa Kisumu, na tunafufua jarida la mashabiki wa hadithi na filamu za kutisha tulilolisoma tukiwa wanafunzi. Lina kurasa 32, jalada likiwemo. Wakubwa kati yetu wanamtaka Dracula, zimwi la Frankenstein na mtu-mbwamwitu. Vijana wanataka mazombi wanaokimbia na mashetani yanayoingia kwa simu. Tuliafikiana nusu kwa nusu: kurasa 16 za mwanzo za kale, 16 za mwisho za kisasa. Toleo la majaribio limetoka kama majarida mawili yaliyopigwa pini pamoja. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, nusu kwa nusu huamua ugomvi wa kikao, lakini haipangi jarida. Mwaka mmoja hapa Nakuru nilitoa toleo la mazimwi ya kale matupu, nikiamini wapenzi wa kweli watalikimbilia. Vifurushi vilirudi kutoka stejini kamba zikiwa hazijakatwa.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na shida ya mazimwi ya kale ndiyo hiyo hasa. Tumejuana nayo mno. Dracula na joho lake hamtoi mtoto jasho siku hizi. Zimwi jipya nalo linatisha kweli, ila halina ukoo. Miezi mitatu ikipita, jina lake limesahaulika. Kwa hiyo acheni kuyagawa kwa umri. Kila toleo lichague hofu moja, kisha mazimwi yote, yawe ya mwaka wowote, yaingilie mlango huo.

Chukua hofu ya kunyonywa damu. Riwaya ya Dracula ilitoka 1897, filamu yake maarufu 1931. Ukiyaandika hayo peke yake umetoa somo la historia. Sasa mweke mumiani, mnyonya damu wa uvumi wetu, kando yake. Neno hilo lina asili moja na mummy, jina ambalo Wazungu huziita maiti za Misri zilizokaushwa, kwa hivyo tayari mna mazimwi mawili ndani ya neno moja. Enzi za ukoloni, Kenya, Uganda na Tanganyika, ulivuma uvumi kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Huko Siaya, wazee walikuwa bado wanausimulia miaka ya 1980 watafiti walipowatembelea. Nendeni na kinasa sauti, mkae na mzee mmoja mpaka amalize. Kisha kijana wenu wa mazombi achore anachokisikia: lori jekundu limesimama kando ya barabara ya vumbi, taa zimezimwa, mlango wa nyuma uko wazi kiasi cha mkono kupita, na mpira wa maji unaning'inia hadi chini. Mwingine aandike hadithi ya leo ya kliniki inayotoa mkopo na kudai malipo ya aina nyingine. Toleo kama hilo linamrudishia Dracula meno yake, maana msomaji anamwona alivyo: bwana mkubwa anayeishi kwa damu ya wanyonge.

Mazombi nao hawana ujana wanaodhaniwa. Walitoka Haiti, katika hofu ya mtumwa kwamba hata kifo hakitamtoa shambani. Katika Night of the Living Dead, ile filamu ya 1968 iliyoanzisha wafu wala watu, hawaitwi hata zombi. Wanaitwa ghoul, neno lililotokana na ghul la Kiarabu. Mbio walizipata baadaye. Mpeni kijana wenu ukoo huo auandike yeye mwenyewe.

Tena, nani amewaambia kwamba Dracula ndiye wa kale? Kwa msomaji wa Kisumu, apul-apul, zimwi la Waluo aliyesimuliwa na nyanya ndani ya siwindhe, nyumba ya hadithi za usiku, amemtangulia, kama zimwi linani kwa Waluhya. Msiwatengee kona ya utamaduni ukurasa wa 30. Wapeni makala kuu. Na mchoraji asiige vitabu vya walowezi. Wao walimgeuza chemosit wa Wanandi kuwa dubu, ilhali maelezo yaliyochapishwa 1909 yanamtaja kama nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja, anayetembea kwa kuegemea fimbo kama mkuki, na kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Kinywa hicho tu kinatosha jalada.

Kwa wakimbiaji wa usiku, jajuok, ambao watu huwadhania wachawi, nawaomba sana: hadithi ya kubuni ndiyo, lakini msichapishe jina la kijiji wala picha ya mtu. Kisii, mwaka 2008, watu wasiopungua 11 walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wazee. Hakuna toleo linalostahili kuchochea hilo.

Kuhusu picha: kile kichwa bapa cha zimwi la Frankenstein chenye vyuma shingoni kilibuniwa na Jack Pierce kwa filamu ya 1931 ya studio ya Universal, na Marekani filamu hiyo inalindwa na hakimiliki hadi mwisho wa 2026. Sheria ya Kenya hulinda filamu na picha kwa miaka 50, lakini mkiuza mtandaoni mnagusa sheria za kwingine. Mchoreni kutoka kitabu cha Frankenstein cha 1818, ambacho hakilindwi tena: ngozi ya manjano inayobana misuli, nywele ndefu nyeusi, midomo myeusi. Ni sura ngeni kwa wengi, na inatisha kuliko ile ya vyuma. Filamu ya wafu ya 1968 ni huru hata Marekani, kwa sababu ilipobadilishwa jina, tangazo la hakimiliki lilisahaulika.

Sasa fungueni toleo lenu la majaribio katikati. Ukurasa wa 16 na wa 17 ni karatasi moja, upande mmoja. Hapo tu ndani ya jarida la pini ndipo picha inapoenea kurasa mbili bila kukatika. Ndipo mlipoweka mpaka wenu. Ung'oeni, mweke lile lori jekundu: taa upande wa 16, mlango wa nyuma upande wa 17, bila maandishi yoyote juu yake.