Wanasema "Nzuri Sana", Halafu Basi

SWALI: Shikamoo dada. Nimeshiriki shindano la kutengeneza gemu kwa saa 48. Nilikuwa peke yangu, na gemu yangu ya paka anayeruka juu ya mapaa niliiwasilisha zikiwa zimebaki dakika nne. Maoni niliyopata ni "nzuri sana, hongera" na "ngumu mno". Ya kwanza hayanisaidii, ya pili yameniuma. Sasa natakiwa nami nicheze gemu za wenzangu na kuwapa maoni. Niandike nini nisiwavunje moyo? Gemu yenyewe nimeiambatanisha.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimeicheza kabla ya kukujibu. Nilikufa mara 11, na mara tisa kati ya hizo ni kwenye lile paa la tatu, lenye antena. Nabonyeza kitufe cha kuruka paka akiwa ukingoni kabisa, naye anadondoka tu. Nikarekodi skrini, nikatazama polepole. Kumbe nachelewa kwa fremu tatu au nne, yaani zile picha moja moja zinazopita haraka kwenye skrini. Kwa gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde, hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Jicho langu linaona bado nipo juu ya paa, msimbo wako unasema nimeshatoka. Mruhusu paka aruke hata fremu sita baada ya miguu kuacha paa. Waundaji wengi wa gemu za kuruka hufanya hivyo, na mchezaji hagundui chochote, anaona tu kwamba paka anamsikia.

Kwa hiyo aliyekuandikia "ngumu mno" aliumia kweli, ila hakukuonyesha kidonda kiko wapi. Wewe waonyeshe wenzako. Andika kilichokupata, mahali kilipokupata, na ulichokuwa unategemea. "Kwenye chumba cha pili nilizunguka dakika mbili nikitafuta ufunguo, kumbe una rangi moja na sakafu." Sentensi hiyo haimvunji mtu moyo, na kesho yake anabadilisha rangi. Ukimwandikia "picha mbaya" atakesha akijiuliza picha ipi. Na sifa nazo ziwe hivyo hivyo. Mwambie ni sauti ipi ya nyayo iliyokufanya ugeuke nyuma, maana asipojua anaweza kuifuta kwenye toleo lijalo.

Kumbuka pia kazi imefanywa kwa masharti gani. Katika Ludum Dare, shindano lililoanza mwaka 2002, anayeingia upande wa mtu mmoja ana saa 48 za kufanya kila kitu mwenyewe, pamoja na picha na sauti. Wanaoingia kwa timu wana saa 72. Mtu wa namna hiyo usimdai hatua 20. Muulize kama lile wazo lake moja linachezeka. Na usichoke mapema: kule gemu inahitaji kupata kura zipatazo 20 ndipo ipangiwe nafasi, na zipo kazi nzuri zinazokosa wachezaji tu. Mimi huanza na zile zenye kura chache.

Kuhusu maumivu yako: usijibu maoni siku ile ile. Tafuta mtu, mkalishe mbele ya gemu yako, kaa nyuma yake, funga mdomo. Mara yangu ya kwanza nilishindwa. Kila alipokwama nilimwambia "bonyeza mshale wa chini", akamaliza gemu yote, nami nikaamini maelekezo yanatosha. Wageni walipoicheza bila mimi, hakuna aliyeubonyeza mshale ule. Nilihuzunika sana, kwa sababu sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa nyuma yake.

Ukishaweka hizo fremu sita nitumie tena. Paa la nne sijaliona.